Soko Huria na Shule za Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wazazi, walimu na madiwani wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanapobishana kuhusu shule: nani alipe, nani achague, nani awajibishwe. Majibu ni ya mtu anayeamini kwamba mzazi apewe nguvu zaidi kuliko alizonazo leo. Pale ambapo ushahidi unaipinga imani hiyo, nimeusema wazi. Nambari za maswali zitakusaidia kuruka kutoka jibu moja hadi jingine.

## Mambo ya msingi

1. Mtazamo wa soko huria katika elimu unasema nini hasa?

Unasema kulipia elimu ni jambo moja na kuendesha shule ni jambo jingine. Mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman aliitoa hoja hiyo mwaka 1955: jamii ina sababu nzuri za kugharamia elimu ya kila mtoto kwa kodi, ila sababu hizo haziilazimishi serikali kuwa mmiliki wa majengo, mwajiri wa walimu na mpangaji wa nani asome wapi. Fedha ya umma inaweza kumfuata mtoto hadi shule aliyoichagua mzazi wake, iwe ya serikali, ya kanisa, ya msikiti, ya jumuiya au ya mtu binafsi.

Kuna hoja nyingine ya zamani zaidi. Adam Smith, katika karne ya 18, alitaka mwalimu wa shule ya parokia alipwe sehemu na umma na sehemu na wazazi, kwa kuwa akilipwa yote na umma ataizembea kazi. Nyuma ya hoja zote mbili kuna imani kuhusu mzazi: kwamba mama anayeuza viazi Mwanjelwa anamjua mwanawe kuliko ofisi yoyote, na akiwa na mahali pengine pa kumpeleka, atasikilizwa hata pale alipo. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja hupokea bei anayopewa. Mzazi mwenye shule moja tu yuko katika hali hiyohiyo.

2. Kwa hiyo mnataka serikali ijitoe kwenye elimu?

Hapana. Wapo wanaotaka hivyo duniani, mimi simo. Serikali ikusanye kodi, ihakikishe mtoto wa maskini ana fedha ya kusomea, isimamie mitihani, isajili na kukagua shule, na ijenge pale ambapo hakuna mwingine atakayejenga (swali la 13). Ninachopinga ni serikali kuwa mwendeshaji, mkaguzi na mtoa taarifa za shule zake yenyewe kwa wakati mmoja, huku mzazi akibaki mtu wa kuitwa kwenye kikao kuambiwa kilichokwisha kuamuliwa.

3. Je, huku si kuvunja msingi wa Azimio la Arusha?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, hasa na wazee, na linastahili jibu la heshima. Shule za kwanza za mikoa yetu hazikujengwa na serikali. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, Wakatoliki wakajenga Tosamaganga, Walutheri wakawa na vituo vyao Njombe na Unyakyusa. Shule zile zilifundisha, lakini mlango wake mara nyingi ulifunguka kwa dhehebu na kwa aliyekuwa jirani na misheni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua nyingi kati ya hizo, na lengo lilikuwa la haki: mtoto wa Kitanzania asikataliwe kwa dini, kabila wala rangi. Azimio la Musoma la 1974 na elimu ya msingi kwa wote iliyotangazwa 1977 viliwaingiza darasani mamilioni ya watoto. Hilo siwezi kulidharau.

Lakini tazama kilichotokea sekondari. Nafasi za serikali zilikuwa chache mno kwa makusudi, na mtoto aliyemaliza la saba bila kuchaguliwa alirudi shambani. Wazazi hawakukubali. Miaka ya 1980 walichangishana, wakapitia mifuko ya maendeleo ya wilaya, makanisa na jumuiya, wakajenga sekondari zao. Kufikia mwishoni mwa muongo huo, sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi nchini kuliko za serikali. Hayo yalifanyika chini ya sera ya ujamaa, kwa nguvu za wakulima wa kahawa, chai na mahindi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilikuja kutambua rasmi kazi ambayo wananchi walikuwa wameshaianza. Hesabu iligeuka tena baada ya 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulipoleta sekondari za kata.

Kwa hiyo lengo la 1969, kwamba asibaki mtoto nje, nalishika kwa mikono miwili. Chombo kilichotumika ndicho ninachokihoji.

4. Elimu si bure sasa? Kuchagua kunahusu nini?

Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa mwaka 2001. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Toleo la 2023 la sera ya elimu linafanya miaka 10 kuwa ya lazima: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Sasa chukua fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ya shule yenye bweni uisome taratibu. Utakuta sare mbili, sweta, godoro, madaftari makubwa, rimu ya karatasi, jembe, fagio, ndoo, na mara nyingi mahindi na maharage. Katika sekondari ya kata isiyo na bweni, mtoto wa kijiji cha mbali hupangishwa chumba karibu na shule, ndiyo geto, na mzazi hubeba kodi ya chumba, unga, mafuta ya kupikia na wasiwasi wa usiku kucha, hasa kama ni binti. Ongeza tuisheni. Mzazi maskini tayari analipa, tena analipa kwa jasho. Asichokipata ni sauti inayolingana na anachotoa.

## Fedha

5. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi ni kiasi gani, na inakwenda wapi?

Kiwango kinachojulikana ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Katika utaratibu ulioanza 2016, shilingi 4,000 za mwanafunzi wa msingi hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Piga hesabu ya shule ya watoto 400: shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, umeme, kitasa kilichovunjika na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kiwango hiki kinatokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza 2002 na uliotaja dola 10 kwa mtoto. Shilingi 10,000 zilikaribia dola 10 wakati ule. Leo ni kama dola 4.

Hata hivyo, ruzuku hiyo ni sehemu ndogo. Fedha kubwa ya umma shuleni ni mishahara ya walimu, nayo haimfuati mtoto hata kidogo: inafuata kituo alichopangiwa mwalimu. Shule ya mjini Mbeya au Iringa yenye walimu wengi inapokea fedha nyingi za umma kwa kila mtoto kuliko shule ya Ileje yenye walimu wanne na madarasa saba, ingawa ruzuku yao kwenye karatasi ni ileile. Hakuna diwani aliyewahi kupigia kura upendeleo huo, na haujaandikwa kwenye bajeti yoyote kwa jina lake. Ukitaka haki katika fedha za elimu, anza hapo kabla ya kugombana kuhusu shule binafsi.

6. Vocha ni nini, na kuna mahali zimefanya kazi?

Vocha ni ahadi ya serikali kulipa kiasi maalumu cha masomo ya mtoto kwenye shule yoyote iliyokidhi masharti. Majaribio ni mengi na matokeo yanatofautiana sana. Anayekuambia yote yamefaulu au yote yameshindwa hajayasoma.

Uholanzi inazilipia shule za binafsi sawa na za umma tangu 1917, na takriban theluthi mbili ya wanafunzi wako kwenye shule zisizoendeshwa na serikali. Huo ndio mfano mkongwe. Colombia ilianza mwaka 1991 kutoa vocha za sekondari kwa watoto wa mitaa maskini, zaidi ya 125,000 wakanufaika, na maombi yalipozidi nafasi walipigiwa kura ya bahati. Bahati nasibu hiyo iliwapa watafiti nafasi ya kulinganisha kwa haki: baada ya miaka mitatu, waliopata vocha walikuwa mbele kwa asilimia kama 10 katika kumaliza darasa la nane.

Chile ilianza 1981 chini ya utawala wa kijeshi, kwa kila mtoto, tena ikiziacha shule zichague wanafunzi na, baadaye, kuongeza ada juu ya vocha. Wenye nacho walihama, maskini wakabaki pamoja, na wachumi waliochunguza hawakuona wastani wa ufaulu wa nchi ukipanda kwa sababu ya vocha. Sheria ya 2008 iliongeza fedha kwa mtoto maskini, na ya 2015 ikazizuia shule zinazopokea ruzuku kuchuja wanafunzi na kutengeneza faida. Huko Marekani, mji wa Milwaukee ulianza vocha zake mwaka 1990; katika jimbo la Louisiana waliopata vocha walishuka hisabati, huenda kwa sababu shule zilizojiunga na mpango zilikuwa dhaifu.

Ninachokiona kwenye mifano hii ni kwamba masharti yana uzito kuliko jina. Vocha inayoelekezwa kwa maskini, katika shule isiyoruhusiwa kuchuja, ni kitu kimoja. Vocha ya kila mtu, katika shule inayochagua inayemtaka, ni kitu kingine kabisa.

7. Tanzania ina kitu chochote cha namna hiyo?

Ndiyo, na watu wengi hawakitambui. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu humfuata mwanafunzi. Kijana wa Kyela anaweza kuupeleka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya au chuo cha elimu cha Mkwawa Iringa, vya serikali, au Chuo Kikuu cha Iringa, Teofilo Kisanji au Ruaha, vya makanisa. Hakuna anayesema serikali imejitoa kwenye elimu ya juu.

Kwenye afya pia. Hospitali ya Tosamaganga ni ya kanisa, lakini kwa miaka mingi imekuwa hospitali teule ya wilaya: serikali inasaidia mishahara na gharama, kanisa linaendesha. Mgonjwa wa Kalenga haulizi jengo ni la nani, anauliza kama daktari yupo. Mpango uliokubalika kwa mama mjamzito na kwa mwanafunzi wa chuo unakosa nini unapofika kwa mtoto wa darasa la pili? Sijawahi kupata jibu linaloniridhisha.

8. Tukiongeza fedha tu shuleni, haitoshi?

Hili limepimwa hapa nchini, na sehemu ya kazi ilifanyika kwetu. Mwaka 2013 na 2014, utafiti wa KiuFunza ulizigawa shule za msingi 350 katika wilaya 10, Mbozi ikiwemo. Kundi moja lilipelekewa ruzuku moja kwa moja, katika kundi la pili walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto aliyefaulu kusoma na kuhesabu, la tatu likapata vyote viwili, na lililobaki halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Bonasi peke yake ilitoa matokeo mchanganyiko. Vyote viwili kwa pamoja viliinua kujifunza waziwazi, kwa kiasi kinachozidi jumla ya kimoja kimoja.

Somo hilo linazikata pande zote mbili za ubishi. Anayedai tatizo ni fedha tu, fedha zilipelekwa na alama hazikupanda. Anayedai mwalimu akipewa motisha atajitegemea, motisha bila kitabu na chaki haikufika mbali. Mwalimu anahitaji vifaa na sababu, na sababu hiyo lazima ihusiane na mtoto kujua kusoma.

## Wazazi, taarifa na uchaguzi

9. Mzazi ambaye hakusoma atajuaje shule ipi ni nzuri?

Anajua mengi kuliko anavyodhaniwa. Anajua mwalimu gani hulala darasani, anajua mtoto wa jirani wa darasa la nne hawezi kusoma barua. Asichokuwa nacho ni njia ya kulinganisha shule yake na za mbali. Hiyo ni kazi ya taarifa, na taarifa ndiyo damu ya soko lolote.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa. Sababu iliyosikika zaidi ni kwamba orodha ile ilikuwa tangazo la biashara kwa shule chache zenye kuchagua watoto wenye akili. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini dawa ya orodha mbovu ilikuwa kuitengeneza vizuri: kuonyesha shule imemwinua mtoto kiasi gani kutoka alipoingia.

Habari njema ni kwamba matokeo ya kila shule bado yapo kwenye tovuti ya Baraza, na simu ya kijana yeyote inatosha. Usitazame daraja la kwanza peke yake. Chukua shule unayoifikiria, fungua matokeo ya kidato cha nne, hesabu watahiniwa. Kisha rudi nyuma miaka miwili, fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyohiyo, hesabu tena. Kama waliofanya kidato cha pili walikuwa 120 na waliofika kidato cha nne ni 70, nenda ofisini kwa mkuu wa shule uulize kwa upole wale 50 wako wapi. Huenda kuna maelezo mazuri. Huenda walirudishwa darasa au waliondolewa ili wastani wa shule upendeze. Fanya hivyo kwa shule ya serikali na ya binafsi bila kubagua. Halafu tazama somo la hisabati, maana hapo hakuna pa kujificha.

10. Shule binafsi zinafaulisha kwa sababu zinachuja. Sasa ubora wake uko wapi?

Kuchuja ni kweli. Shule kama St. Francis Girls ya Mbeya, ambayo mara kadhaa imeongoza kitaifa kidato cha nne, huwapima wasichana kabla ya kuwapokea. Sifa ya walimu wake iko palepale, lakini huwezi kuchukua alama zake ukazilinganisha na za sekondari ya kata inayopokea kila aliyepangiwa. Serikali nayo huchuja: shule zake za vipaji maalumu huchukua waliofaulu zaidi.

Nchini India, jimbo la Andhra Pradesh, vocha zilitolewa kwa bahati nasibu ili kuondoa kasoro hiyo. Watoto waliohamia shule binafsi walifanya sawa na wenzao katika hisabati na lugha yao ya Kitelugu, na vizuri zaidi katika Kihindi, huku shule hizo zikitumia takriban theluthi moja ya gharama ya shule za serikali kwa mtoto. Kwa hiyo miujiza haikuonekana. Kilichoonekana ni kazi ileile kwa fedha kidogo, na kwa nchi yenye bajeti kama yetu hilo ni jambo kubwa. Kuhusu masharti ya kuzuia mchujo, tazama swali la 6.

11. Mbona wazazi wanakimbilia Inglishi midiamu hata kama mwalimu hajui Kiingereza?

Kwa sababu sekondari inafundishwa kwa Kiingereza na mzazi anaona mtoto wa Kiswahili akianza upya kidato cha kwanza. Uamuzi wake una mantiki hata kama shule aliyoichagua ni dhaifu. Ushauri wangu ni mfupi: kaa nyuma ya darasa nusu saa kabla ya kulipa. Shule inayokataa usikae imekujibu.

## Walimu

12. Je, walimu watapoteza ajira na kulipwa kidogo?

Hofu hii ina msingi. Walimu wengi wa shule binafsi huiacha kazi siku ajira za serikali zinapotangazwa, kwa sababu serikalini kuna uhakika wa mshahara na pensheni. Mmiliki anayemlipa mwalimu kwa kuchelewa miezi miwili hana haki ya kulisifu soko huria. Amevunja mkataba, na mkataba ndio msingi wa soko.

Ninachokipigania ni mwalimu mkuu kuwa na neno. Leo walimu hupangwa kutoka juu. Mwalimu mkuu wa Makete akiletewa mwalimu wa kemia wakati anahitaji wa hisabati, hana la kufanya zaidi ya kuandika barua. Wakati huohuo, vijana waliohitimu ualimu wapo mtaani wakifundisha tuisheni sebuleni. Kamati ya shule yenye fedha ingeweza kumwajiri mmoja wao kwa mkataba kesho asubuhi.

Jirani zetu Kenya wametupa funzo hapa. Walimu wa mkataba walioajiriwa kupitia kamati za wazazi magharibi mwa nchi hiyo waliinua ujifunzaji. Serikali ilipouchukua mpango na kuueneza kwa mfumo wake wa kawaida, faida ile haikuonekana. Mwalimu wa mkataba alifaa pale ambapo aliyemwajiri alikuwa karibu na alijali.

## Mipaka na hali za pekee

13. Vijiji vya mbali vitafanyaje? Nani atafungua shule binafsi ufukweni mwa Ziwa Nyasa?

Hakuna. Katika kata kama Lumbila na Kilondo wilayani Ludewa, ambako milima ya Livingstone inaangukia ziwani na safari ni ya boti, mfanyabiashara hatafungua shule ya pili, na fedha inayomfuata mtoto haina pa kumfuata. Hapo serikali ijenge na iendeshe, au iingie mkataba na kanisa lililokwishazoea mazingira yale. Kinachowezekana ni kumpa mwalimu anayekubali kukaa huko malipo ya ziada yanayoonekana, pamoja na nyumba. Hiyo pia ni kanuni ya soko: kazi ngumu ilipwe zaidi. Kwa sasa mwalimu wa Lumbila na wa Mbeya mjini wenye daraja moja hupokea mshahara uleule, kisha tunashangaa barua za uhamisho.

14. Mtoto mwenye ulemavu ataachwa?

Ataachwa kama ruzuku ni sawa kwa wote, kwa sababu gharama yake ni kubwa na shule itamkwepa. Ruzuku yake iwe kubwa kulingana na mahitaji, na shule inayopokea fedha ya umma isiruhusiwe kumkataa. Sioni mjadala hapa.

15. Serikali za Afrika zimewahi kuziachia shule binafsi watoto wa umma?

Uganda iliwalipa wamiliki wa sekondari binafsi shilingi za Uganda 47,000 kwa mwanafunzi kwa muhula, ikaongeza nafasi haraka, kisha kuanzia 2018 ikaanza kujitoa na kujenga za kwake. Malipo yalikuwa madogo na usimamizi dhaifu.

Liberia ilikabidhi shule za msingi 93 kwa waendeshaji binafsi mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja watoto wao walikuwa wamejifunza zaidi ya wenzao. Lakini gharama zilikuwa kubwa, na mwendeshaji mmoja aliwaondoa wanafunzi madarasa yalipojaa, jambo ambalo mkataba wake ulimruhusu. Diwani atakayeletewa mkataba kama huo asome kwanza kifungu cha kuwaondoa wanafunzi, kabla ya ukurasa wenye picha.

16. Kwa nini msiunge mkono ada elekezi, yaani serikali kupanga kikomo cha ada za shule binafsi?

Mwaka 2016 serikali ililijadili jambo hili kisha ikaliweka kando, na ilifanya vyema. Ukiweka kikomo cha ada, shule huhamishia bei kwenye basi, sare, chakula na "mchango wa maendeleo", na mzazi anagundua Machi. Ninachotaka ni sheria ngumu zaidi kwa mmiliki: gharama zote za mwaka, hadi ya mwisho, zibandikwe getini kabla ya usajili, na kisichobandikwa kisidaiwe. Na shule ikifungwa katikati ya mwaka, ada ya miezi iliyobaki irudishwe na kumbukumbu za mtoto zikabidhiwe halmashauri.

17. Mahindi yanaingiaje kwenye mada ya elimu?

Kwa sababu ndiyo ada. Mwaka wa shule unaanza Januari, mahindi yakiwa bado shambani. Mavuno ni kuanzia Juni. Mzazi wa Vwawa au Makambako huuza akiba yake kidogokidogo kulipa awamu ya kwanza, na hutegemea mavuno kulipa iliyobaki.

Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje. Mavuno yalikuwa mazuri, mpaka wa Tunduma ukafungwa kwa mahindi ya mkulima, na bei Nyanda za Juu Kusini ikaporomoka katika msimu uliofuata. Nia ilikuwa kulinda chakula cha nchi. Gharama yake ilibebwa na kaya zilezile zilizolima, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa deni la ada. Huwezi kumwambia mzazi achague shule huku umemzuia kuchagua mnunuzi. Anayejali elimu ya kijijini aifuatilie sera ya mazao kwa macho yaleyale.

18. Kijiji chetu kinataka kuanzisha shule yake. Inawezekana?

Inawezekana. Sheria inaruhusu mtu, jumuiya, taasisi ya dini au shirika kumiliki shule, mradi mmiliki na meneja wathibitishwe na shule isajiliwe baada ya kukaguliwa: hati ya ardhi, madarasa, vyoo, maji, walimu wenye sifa. Anzeni kwa afisa elimu wa halmashauri na ofisi ya wathibiti ubora wa wilaya kabla ya kufyatua tofali la kwanza, kwa sababu vipimo vya darasa na matundu ya vyoo vimewekwa, na jengo lililokosewa hugharimu mara mbili.

Kwenye bajeti, wengi huhesabu ujenzi na mshahara wa mwaka wa kwanza, wakati michango bado ina moto. Hesabuni mwaka wa pili na wa tatu: madarasa yameongezeka, walimu wameongezeka, na theluthi ya wazazi wanasubiri mavuno. Shule itakayokubali gunia la mahindi kama sehemu ya ada iwe na ghala kavu na mtu wa kuandika kila debe linaloingia, mbele ya mzazi, kwa kalamu isiyofutika.